Oleg Losev, tarishi aliyeuliza nuru ya jiwe inatoka wapi

GIZA linapoingia katika mji wa Kenol, kaunti ya Murang'a, taa huwashwa moja baada ya nyingine katika vibanda vya matunda na maduka yaliyo kando ya barabara kuu ya kwenda Nyeri na Nanyuki. Nyingi ya taa hizo si zile balbu za zamani zilizomuunguza vidole kila aliyezigusa. Ni taa ndogo za diodi, ambazo wauzaji na wanunuzi huziita taa za LED. Hula stima kidogo, hazichemki kama balbu, na baadhi hulishwa na betri iliyoshinda mchana kutwa ikipokea nguvu za jua.

Koroboi na karabai zilizowaangazia wazee wetu zilikuwa na siri iliyo wazi: palipo na moto pana mwanga. Hata balbu ya zamani haikuiacha kanuni hiyo, kwani ndani yake mlikuwa na waya uliochemshwa kwa umeme hadi ukang'aa. Diodi haina moto wala waya mwekundu. Ndani yake mna kipande kidogo cha fuwele, yaani jiwe ambalo chembe zake zimejipanga kwa utaratibu, na nuru huchomoza humo.

Mtu aliyelishughulikia swali la asili ya nuru hiyo kwa kina kabla ya wengine wote alikuwa kijana wa Kirusi aliyeanza kazi kama tarishi. Hakupata kuhitimu chuo kikuu, na alikufa kwa njaa akiwa na umri wa miaka 38. Jina lake lilikuwa Oleg Vladimirovich Losev. Leo anatajwa na wanafizikia duniani kote kuwa mmoja wa waasisi wa taa za diodi, lakini alipofariki ni watu wachache mno waliojua walichompoteza.

MVULANA WA TVER

Losev alizaliwa tarehe 10 Mei, 1903, katika mji wa Tver, kaskazini-magharibi mwa Moscow. Babake, aliyewahi kuwa afisa wa jeshi la mfalme, alikuwa karani katika kiwanda cha mabehewa ya reli. Ilikuwa familia yenye asili ya kikabaila, jambo ambalo baada ya mapinduzi ya mwaka wa 1917 halikuwa sifa ya kujivunia mbele ya watawala wapya.

Katika mwaka huo huo wa mapinduzi, mvulana huyu wa shule alisikiliza mhadhara kuhusu mawasiliano yasiyotumia waya. Mji wa Tver ulikuwa na kituo cha kijeshi cha kupokea mawimbi ya redio, na wahandisi wake walikuwa miongoni mwa mabingwa wa fani hiyo nchini Urusi. Mhadhara huo uliuteka moyo wa Losev. Akaanza kukizuru kituo hicho, akafahamiana na wahandisi, na nyumbani akageuza sehemu ya makazi kuwa karakana yake ndogo.

Wahandisi hao walipohamishiwa Nizhny Novgorod, mji ulio kando ya mto Volga, kwenda kuanzisha maabara mpya ya redio, Losev alibaki nyuma amalize masomo ya sekondari. Mwaka wa 1920 alifunga safari kwenda Moscow kutafuta elimu ya juu. Hata hivyo, mvuto wa redio ulimshinda. Aliiacha Moscow akawafuata walimu wake Nizhny Novgorod, akaajiriwa katika maabara hiyo kwa kazi iliyopatikana: utarishi. Ukawa ndio mlango aliouingilia sayansi.

JIWE LILILOSIKIKA ULAYA

Siku hizo redio nyingi za bei nafuu zilitegemea fuwele. Mtumiaji aligusisha ncha ya waya mwembamba juu ya jiwe, akawa anaisogeza hapa na pale hadi akapata mahali penye kunasa sauti vizuri. Jiwe hilo liliuruhusu umeme upite upande mmoja kwa urahisi kuliko upande wa pili, na kwa njia hiyo mawimbi yakageuka kuwa sauti masikioni. Lakini halikuweza kuikuza sauti. Kazi hiyo ilihitaji taa maalumu za utupu, ambazo zilikuwa ghali na zilizila betri kwa pupa.

Mwezi wa Januari mwaka wa 1922, Losev akiwa na umri wa miaka 18, aligundua kwamba fuwele ya zinkaiti ikipewa umeme kwa kipimo fulani huweza kuzalisha na kukuza mawimbi yenyewe, bila taa yoyote ya utupu. Kifaa alichokiunda kikapewa jina la kristadini. Habari zake zilivuka mipaka haraka. Septemba 1924, jarida la Radio News la Marekani liliutangaza uvumbuzi huo kwa wasomaji wake kama jambo la kustaajabisha. Ikumbukwe kwamba huku kwetu, matangazo ya kwanza ya redio mjini Nairobi yalikuwa bado hayajaanza. Yalianza mwaka wa 1928.

Kristadini ilimpa Losev jina, lakini haikudumu. Fuwele za asili hazilingani. Moja hufanya kazi, nyingine hukataa, na hata iliyo nzuri huvurugika ikitikiswa. Taa za utupu zikazidi kushuka bei na kuimarika, na ulimwengu ukaisahau kristadini. Losev hakukata tamaa. Katika uchunguzi wake wa fuwele mbalimbali, alikuwa ameona kitu kingine kilichomnyima usingizi.

NURU ISIYO NA JOTO

Miongoni mwa mawe aliyoyachunguza lilikuwamo kaborandamu, mchanganyiko mgumu wa silikoni na kaboni. Mafundi wa vyuma wanaufahamu, kwani ndio unaotengenezewa msasa na mawe ya kunolea. Umeme ulipopitishwa kwenye ncha ya waya iliyoligusa jiwe hilo, Losev aliona nukta ndogo ya nuru.

Hakuwa wa kwanza kuiona. Mwaka wa 1907 mhandisi Mwingereza Henry Joseph Round, aliyefanya kazi katika kampuni ya Marconi, alikuwa ameandika taarifa fupi kuhusu mwanga huo wa ajabu. Round aliieleza nuru hiyo kwa aya chache, kisha akaendelea na shughuli zake. Losev naye alikaa nayo kwa miaka.

Jambo la kwanza alilotaka kulijua lilikuwa hili: je, jiwe hilo linang'aa kwa sababu limepata moto, kama chuma kinavyofanya kikiwa tanuruni? Jaribio alilolifanya lilikuwa jepesi kiasi kwamba mwanafunzi yeyote angelielewa. Alidondosha tone la benzini juu ya sehemu iliyokuwa iking'aa, akatazama litakauka kwa kasi gani. Laiti nuru ile ingetokana na joto, benzini ingekauka upesi. Haikufanya hivyo. Nuru ilikuwapo na joto halikuwapo. Losev akahitimisha kwamba ile ilikuwa nuru baridi, yenye chanzo tofauti kabisa na cha moto.

Hatua ya pili ilikuwa kutafuta chanzo chenyewe. Mwaka wa 1905, Albert Einstein alikuwa ameeleza jinsi nuru inavyoweza kuzing'oa elektroni kutoka kwenye chuma, kila punje ya nuru ikitoa nguvu zake kwa elektroni moja. Losev aliifikiria hoja hiyo akaigeuza. Ikiwa nuru huweza kuipa elektroni nguvu, basi elektroni iliyopewa nguvu na umeme huweza nayo kuzitoa nguvu hizo kwa sura ya nuru. Alichunguza uhusiano kati ya volti zilizotumika na rangi ya nuru iliyotoka, akaona kwamba vipimo vyake vilielekea upande wa fikira hiyo.

Matokeo hayo aliyachapisha kwa Kirusi mwaka wa 1927, akiwa na miaka 24, na mwaka uliofuata yakatokea kwa Kiingereza katika jarida la Philosophical Magazine. Aidha, alitambua kwamba nuru hiyo huwaka na kuzimika kwa kasi kubwa kupita balbu yoyote. Kwa hiyo mwaka wa 1927 aliomba hati ya uvumbuzi wa kifaa cha kupelekea habari kwa nuru, akakusudia kitumike katika simu, telegrafu na upelekaji wa picha. Hati hiyo ilitolewa mwaka wa 1929. Leo, intaneti inapopita baharini na kando ya barabara kwa nyaya za nuru, ni vigumu kulitazama wazo hilo bila kumstahi aliyelibuni.

KWA NINI ALISAHAULIKA

Wahenga walinena kwamba penye nia pana njia. Maisha ya Losev yanaonyesha kwamba nia huweza kuwapo, njia nayo ikafungwa na mambo yasiyo katika uwezo wa mtu mmoja.

Kwanza, nuru yenyewe ilikuwa hafifu. Sasa inajulikana kwamba muundo wa kaborandamu huifanya elektroni ipate shida kutoa nguvu zake kama nuru. Sehemu kubwa hupotea kwa namna nyingine. Nukta aliyoiona Losev isingeweza kumulika hata ukurasa wa kitabu.

Pili, nadharia ilikuwa nyuma ya macho yake. Maelezo ya kina kuhusu jinsi elektroni zinavyosafiri ndani ya nusu-kipitishi, yaani vitu ambavyo havipitishi umeme kwa wepesi wa shaba wala haviuzuii kama mpira, yalianza kukamilika mwanzoni mwa miaka ya 1930. Losev alikuwa amejibu swali ambalo lugha ya kulielezea ilikuwa bado inatungwa.

Tatu, makao yake ya kazi yalivunjika. Mwaka wa 1928 kazi za maabara ya Nizhny Novgorod zilihamishiwa Leningrad, mji ambao leo unaitwa St Petersburg. Losev alihamia huko na kuendelea na utafiti, lakini kundi la walimu na wenzake waliomlea lilikuwa limetawanyika. Mwaka wa 1938, kwa msaada wa mwanafizikia mashuhuri Abram Ioffe, alitunukiwa shahada ya utafiti bila kuandika tasnifu, kwa kutambua kazi alizokwisha kuchapisha. Kufikia wakati huo alikuwa akifundisha fizikia katika chuo cha udaktari cha Leningrad, mbali na maabara kubwa za fani yake.

NJAA YA LENINGRAD

Mwezi wa Juni 1941 majeshi ya Ujerumani yaliivamia Muungano wa Kisovieti. Tarehe 8 Septemba mwaka huo, Leningrad ilizingirwa. Barabara na reli zikakatwa, na mamilioni ya watu wakafungiwa ndani ya mji pasipo chakula cha kutosha. Kati ya mwezi wa Novemba na Desemba, posho ya mkate kwa raia wengi ilishuka hadi gramu 125 kwa siku, na mkate wenyewe ulichanganywa na vitu visivyokuwa unga.

Losev hakuondoka. Alibaki chuoni akibuni vifaa vya kuwafaa majeruhi na mji uliokuwa ukishambuliwa, kikiwamo cha kutafutia vipande vya chuma katika vidonda. Pia alijitolea damu kwa ajili ya majeruhi, wakati mwili wake ulikuwa ukidhoofika kila siku kwa kukosa lishe. Tarehe 22 Januari, 1942, aliaga dunia kwa njaa. Mzingiro uliendelea kwa miaka miwili zaidi, ukaondolewa tarehe 27 Januari, 1944.

Alipofariki, uchunguzi wake kuhusu nuru ya kaborandamu ulikuwa umelala katika majarida ya zamani. Mwaka wa 1951 Kurt Lehovec na wenzake, waliokuwa wakifanya utafiti katika jeshi la Marekani, waliirudia nuru ile ile wakaieleza kwa nadharia mpya. Walionyesha kwamba ndani ya fuwele mna sehemu mbili: moja yenye elektroni za ziada, na nyingine yenye matundu, yaani nafasi zilizoachwa na elektroni. Umeme huzisukuma elektroni kuvuka mpaka wa sehemu hizo. Elektroni ikiangukia tundu, hutoa nuru. Fikira ya Losev kwamba nuru hutokana na nguvu zinazotolewa na elektroni ilikuwa imethibitika.

Mwaka wa 1962 Nick Holonyak alitengeneza diodi ya nuru nyekundu iliyoweza kutumika kibiashara. Rangi ya buluu ilisumbua kwa miongo mitatu, hadi wanasayansi wa Kijapani Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walipofanikiwa. Buluu ndiyo iliyowezesha kutengenezwa kwa taa nyeupe zinazoonekana leo kutoka Kenol hadi Karatina. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka wa 2014.

SWALI LILE LILE, MAWE MAPYA

Swali la Losev halikufa pamoja naye. Leo linaulizwa upya kuhusu jamii ya fuwele ziitwazo perovskaiti, ambazo watafiti wengi wanaziona kuwa kizazi kijacho cha taa na paneli za sola.

Jina hilo nalo lina asili ya Kirusi. Mwaka wa 1839 mtaalamu wa madini wa Ujerumani, Gustav Rose, alilichunguza jiwe kutoka milima ya Ural, akaliita kwa heshima ya Lev Perovski, mwanasiasa na mpenzi wa madini. Jiwe lenyewe ni mchanganyiko wa kalsiamu, titani na oksijeni, na hupatikana pia katika miamba ya volkano ya magharibi mwa Uganda. Baadaye jina hilo likapewa kila fuwele ambayo chembe zake zimepangwa kwa mtindo ule ule, hata ikiwa haina kalsiamu wala titani.

Fuwele zilizoleta msisimko ni zile zenye risasi pamoja na klorini, bromini au iodini. Mwaka wa 2009 watafiti wa Japani walizitumia kugeuza mwanga wa jua kuwa umeme. Mwaka wa 2014 watafiti wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Cambridge walionyesha kwamba zinaweza pia kutoa nuru kali bila kuhitaji kupoozwa. Iodini ikizidi, nuru huwa nyekundu; bromini huleta kijani; klorini huivuta kuelekea buluu.

Je, nuru hiyo inatoka wapi? Jibu si moja. Katika fuwele nyingi za risasi, elektroni na tundu hukutana na kutoa nuru kwa njia iliyonyooka, bila kikwazo kilichokuwa katika kaborandamu. Kwa sababu hiyo hung'aa sana hata zikiwa na kasoro nyingi za muundo. Katika fuwele nyingine, hasa zile za tabaka nyembamba, elektroni na tundu huipinda fuwele inayozizunguka, zikanaswa katika shimo zilizolichimba zenyewe. Nuru yake hutawanyika katika rangi nyingi na kukaribia weupe. Hapo wataalamu wamejadiliana kwa miaka: ni kunaswa huko kunakoleta nuru, au ni kasoro zilizokuwamo tangu mwanzo?

Kuna na aina ya tatu. Perovskaiti ya kalsiamu na titani, ikitiwa kiasi kidogo cha praseodimiamu, hutoa nuru nyekundu. Hapo nuru haitoki katika fuwele mwenyeji bali katika chembe ngeni iliyokaribishwa ndani yake.

Tofauti hizi si za kujifurahisha kwa wasomi. Asiyejua nuru inatoka wapi hawezi kujua kwa nini inafifia. Perovskaiti huharibiwa na unyevu na joto, na risasi iliyomo ni sumu. Kenya inajua madhara ya risasi kutokana na masaibu ya wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliodhurika kwa sababu ya kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Watafiti wanaotafuta perovskaiti zisizo na risasi hulazimika kuanza pale pale alipoanzia Losev: kukitambua chanzo kwanza, ndipo wakibadilishe kwa usalama.

URITHI WAKE

Kwa miongo kadhaa Losev hakutajwa sana nje ya nchi yake. Mwaka wa 1976 mwanafizikia Egon Loebner aliandika historia ya diodi za nuru na kumrejeshea nafasi yake. Mwaka wa 2007 Nikolay Zheludev alimwelezea tena katika jarida la Nature Photonics, miaka 100 baada ya taarifa ya Round. Hati na makala zilisomwa upya, na ikadhihirika kwamba kijana aliyekuwa tarishi alikuwa ameelewa mengi kuliko walivyodhani waliomfuata.

Si haki kusema kwamba Losev peke yake ndiye aliyeziumba taa za leo. Round aliona kabla yake, na akina Lehovec, Holonyak na Nakamura walijenga alichokosa nafasi ya kukijenga. Lakini kati ya aliyeiona nuru na waliofaidika nayo, alihitajika mtu wa kuinama juu ya jiwe na kupima kwa subira. Vifaa vyake vilikuwa hadubini, ncha ya waya na tone la benzini. Gharama yake ilikuwa ndogo mno, na kilichopotea mwezi ule wa Januari mwaka wa 1942 hakina bei.